Kabati la Chumba cha Ndoo

Siku niliyoagwa kazini nilipewa saa ya ukutani, soda baridi na nafasi ya kusema machache. Nilisema machache kweli. Mlipokwisha kupiga makofi, nyinyi vijana wa karakana mkanifuata nje mkaniambia, "Mzee Jillo, yale uliyoyaacha tuandikie." Basi naandika. Vyeo sitavieleza, kwa sababu niliingia fundi na nimetoka fundi. Mishahara nayo tuiache, isije ikatuharibia siku. Nitawaeleza nilivyoanza, aliyenifundisha, na kabati moja la plaiwudi ambalo mpaka leo nikilikumbuka naacha ninachokifanya, hata kama ni kula.

Nilianza kazi Garsen nikiwa kijana mwenye randa mpya. Baba alikuwa mkulima kando ya mto, mpunga na ndizi, na mavuno mazuri ya msimu mmoja ndiyo yaliyoninunulia ile randa. Niliingia nayo karakana nimeikumbatia. Mzee Hiribae, fundi mkuu, aliichukua, akapitisha kidole kwenye makali yake, akasema, "Nzuri. Iweke pale." Kisha akanipa ufagio. Nilifagia maranda mpaka nikaanza kuyaota. Baada ya ufagio nikapandishwa daraja, nikapewa nyundo na kopo la misumari iliyopinda ili niinyooshe. Nilipokuja kuruhusiwa kuigusa randa yangu, ilikuwa imeshashika kutu, na nikafundishwa kuinoa kabla ya kufundishwa kuitumia. Nadhani alikuwa amepanga hivyo.

Mzee Hiribae hakuwa mtu wa maneno mengi, na yale machache aliyokuwa nayo hayakuwa matamu. Lakini alikuwa na desturi moja ambayo ningependa nyote muirithi. Tukiitwa mahali kupima kazi, hakutoa futi kwanza. Alizunguka chumba akikagua kuta mpaka auone ule mstari wa rangi ya udongo ambao maji ya mto huuacha yakishuka. Akiuona, aliweka kiganja chake juu yake. Ndipo alipofungua futi, akaanza kupima kutoka kwenye mstari kwenda juu.

"Sakafu si yako," aliniambia. "Sakafu ni ya mto. Wewe umeazimwa tu."

Plaiwudi hakuipenda. Alizoea mbao za mti mmoja, nzito, zinazokataa msumari. Shiti za plaiwudi zilipoanza kuletwa kwetu aliigonga moja kwa kifundo cha kidole, akasema, "Hii si mbao, hii ni chapati. Imwagie mchuzi uone inavyofunguka." Na ni kweli, plaiwudi ni chapati. Uso wake utastahimili mengi, lakini ubavuni, pale msumeno ulipopita, inakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, na ikishakunywa inavimba, inaachana safu kwa safu, na hakuna gundi ya kuirudisha. Mkisahau yote mengine humu, kumbukeni kuziba kingo.

Tulitengeneza madawati, milango, vitanda vya hospitali, na masanduku ya kuzikia. Masanduku nilipiga mengi, na sina la kuwafundisha kuhusu hayo. Ndiyo kazi pekee ambayo mteja harudi kulalamika. Mzee Hiribae alistaafu, akarudi shambani kwake upande wa Kilelengwani, na huko akafa mpunga ukiwa bado kijani. Sanduku lake nililipiga mimi. Sikulala vizuri kwa muda mrefu baada ya hapo, nikiwaza kama angeliridhia viungo vya mbao zake.

Sasa nije kwenye kabati.

Miaka yangu ya mwisho nilitumwa sana kwenye kituo kimoja cha afya huko chini ya Garsen. Jina lake sitalitaja. Ni vyumba vichache vya mawe, paa la mabati, betri za sola, na wodi ndogo ya kina mama wanaokuja kujifungua. Kati ya wodi na mlango wa nyuma kuna chumba chembamba ambacho kwenye ramani kina jina la heshima, ila pale wote walikiita chumba cha ndoo. Humo zilikaa ndoo na mifagio, na klorini, na mashuka, glovu, uzi wa kushonea, maji ya dripu, pamoja na vile vidonge vya kuzuia damu kwa mama aliyetoka kujifungua. Vyote vilikuwa sakafuni, ndani ya makatoni.

Mwuguzi msimamizi alikuwa Sista Rehema, mwanamke mrefu wa Kipini, mwenye Kiswahili kilichonyooka na subira fupi. Aliniita ofisini mwake.

"Kaa kitako, Fundi, nikwambie jambo. Mafuriko yaliyopita maji yalituingilia humu. Nilipokwenda kuchukua vidonge, niliinua katoni likanikatikia mikononi. Vidonge vilikuwa uji. Nilivimimina kiganjani hivi, uji mtupu. Na mama yuko kitandani avuja damu."

"Akapona?"

"Hakupona. Na akili zake zilikuwa timamu mpaka mwisho. Aliniuliza mbona waangalia chini." Akapangapanga kalamu zake. "Sitaki kabati la kupendeza. Nataka maji yakija tena, nikinyoosha mkono, nikute kitu kikavu. Hilo tu."

Nimepewa maagizo mengi ya kazi maishani, mengine na watu wenye tai. Hilo ndilo agizo wazi kuliko yote niliyowahi kupewa.

Nikaenda chumbani kutafuta mstari wa maji, kama nilivyofundishwa. Haukuwapo. Kulikuwa na mgeni mkubwa aliyetarajiwa kuja kukagua, na kwetu mgeni mkubwa akitarajiwa, kitu cha kwanza kufanywa ni kuyafuta mafuriko. Kuta zote zilikuwa zimepakwa rangi, nyeupe juu na kijivu chini, zikapendeza sana. Mgeni mwenyewe hakuja. Nikasimama pale na futi langu mkononi bila kujua nianzie wapi, na hasira ikinipanda kwa sababu ya watu wanaoona aibu kwa kitu ambacho hawakukifanya.

Nyuma yangu mtu akasema, "Unatafuta maji, Fundi? Niulize mimi. Mimi ndiye niliyeyatoa kwa ndoo."

Alikuwa Hadhe, msafishaji wa kituo, binti wa kijiji cha jirani, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko kimo chake. Akaja akasimama, mgongo ukutani, akaweka kiganja chini kidogo ya matiti. "Yalinishika hapa. Nilikuwa nimebeba taa kichwani."

"Simama wima. Usijiongeze."

"Nijiongeze niende wapi? Mama yangu alinizaa akiwa na haraka, hakunimaliza."

Nikapiga alama ya penseli ukutani, kwenye usawa wa kiganja chake, nikaongeza shubiri moja juu, kwa kuwa mto hauna ahadi na mtu. Hapo ndipo ungeanza upande wa chini wa kabati. Sikujua wakati huo kwamba Hadhe alikuwa na mimba changa. Yeye alikuwa na wasiwasi mwingine.

"Na ndoo zangu? Mkijenga mpaka chini zitalala wapi, kitandani kwa Sista?"

Nikamwambia chini patabaki wazi, ni pake. Klorini pia ikae chini, mbali, maana mvuke wake unakula bawaba za chuma mpaka mlango unabaki kuning'inia. Akaridhika. Halafu nikachora kabati zima ukutani kwa chaki, kwa ukubwa wake halisi, kama Mzee Hiribae alivyokuwa akifanya, nikamwita Sista, nikawaambia wote wawili walitumie. Msicheke. Mtu akinyoosha mkono kuchukua kitu ambacho hakipo, utaona pale pale rafu ikiwa juu mno au mlango ukifungukia vibaya. Sista alitaka rafu ya vidonge iwe ya juu kabisa. Hadhe akanyoosha mkono, hakuifikia, akasema, "Basi siku ya haja msinitume mimi." Tulicheka. Nikashusha rafu kidogo ili Hadhe aifikie kwa ncha za vidole, na Sista akakubali. Niliipanga iwe na kina cha kutosha, katoni likae kwa marefu yake.

Plaiwudi ilitoka Malindi juu ya basi ikashushwa Minjila, na kutoka hapo nikapata kijana wa bodaboda aliyesema amebeba mpaka makochi, plaiwudi ni nini. Aliifunga wima nyuma yake. Upepo wa bondeni ulipomkuta, pikipiki ilianza kwenda njia yake na shiti njia yake, na ng'ombe waliokuwa wakilisha kando walikimbia wote. Alifika akiwa amejaa vumbi na heshima mpya kwa plaiwudi. Kona moja ilikuwa imegongwa, lakini nilikuwa nimeacha ziada.

Nilikata kwa msumeno wa meno madogo, nikibandika utepe wa karatasi juu ya mstari ili uso usinyofoke. Kila ukingo niliubandika ukanda wa mti mgumu, gundi na misumari midogo, kisha nikapaka rangi ya mafuta mikono mitatu, ndani na nje na mgongoni pia, hata mahali ambapo hakuna atakayepaona. Hasa hapo. Mgongoni mwa kabati nilifunga upapi, ubao mwembamba uliochongwa mshazari, na mwenzake nikaufunga ukutani kwa skrubu ndefu, ili kabati lining'inie juu ya upapi kwa uzito wake wenyewe bila kugusa sakafu. Bawaba zilikuwa za shaba. Matundu ya hewa nilitoboa ubavuni nikayaziba kwa wavu, panya wasipate makao. Milango niliirekebisha mpaka ikawa inajifunga kwa msukumo wa kidole. Sijisifu, lakini ilikuwa kazi safi. Mzee Hiribae angeligonga kwa kifundo cha kidole na asingesema kitu, na hiyo kwake ilikuwa sifa.

Tulipolitundika, Hadhe alifuta kila rafu kwa kitambaa ingawa hazikuwa na vumbi. Sista Rehema alifungua mlango, akafunga, akafungua tena. Akahamishia humo mashuka na pakiti za glovu zilizokuwapo. Rafu ya juu akaiacha wazi.

"Vidonge vilivyobaki vimekwisha," akasema, "na dripu pia. Nimeagiza vingine. Vikija vitapata nyumba."

Vikawa njiani. Kila nilipopita pale kukaza hiki au kile, nilimwuliza, naye alinijibu vivyo hivyo, viko njiani. Alipiga simu, akasafiri mwenyewe, akarudi mikono mitupu. Mara moja alirudi na chupa chache za dripu za kuazima kutoka kituo kingine, zikatumika zikaisha. Nyinyi mmezaliwa huku, mnajua. Kwetu ukiambiwa kitu kiko njiani, jua hakijapakiwa. Tumbo la Hadhe likaanza kuonekana, akaendelea kupiga deki, na kila akilifuta kabati aliifuta na ile rafu ya juu kwa ncha za vidole.

Msimu wangu wa mwisho wa mvua kazini, Barisa, mlinzi wa karakana, mtu wa Kiorma ambaye ng'ombe wake walikuwa wakilisha bondeni, alinikuta nikinywa chai.

"Jillo, mimi nahamisha ng'ombe leo. Jamaa yangu napiga simu kutoka Hola. Maji nakuja, hapana kidogo."

"Redio bado haijasema."

"Redio hapana na ng'ombe."

Akawahamisha. Maji yakaja kama alivyosema, bila kelele, yakipanda kutoka mashambani huku jua likiwaka na mbingu safi, maana mvua yenyewe ilikuwa imenyesha mbali. Barabara ikakatika. Nikatumwa kwa mtumbwi kwenda kuinua betri za sola za kituo zisizame, Barisa akiusukuma kwa upondo. Tulifika kabla ya adhuhuri. Ndani maji yalikuwa magotini, na Hadhe alikuwa wodini, uchungu umemshika tangu alfajiri. Kijiji chao kilikuwa kimezingirwa. Mumewe alikuwa amemleta kisha akarudi kuwatoa watoto wawili wakubwa.

Aliniona mlangoni. "Fundi," akasema, "leo sipigi deki." Ilinibidi nicheke.

Nilikuwa bado na betri mikononi mtoto alipolia. Msichana. Nikasikia Sista akimshukuru Mungu, na baada ya kitambo kidogo nikasikia sauti yake ikibadilika.

"Fundi! Ingia. Acha aibu, ingia."

Akanipa mtoto, amevingirishwa kwa kanga. Hadhe alikuwa akivuja damu. Sista alikuwa akimkanda tumbo kwa mikono yote miwili, kwa nguvu zake zote, na akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nitazamie kabatini. Pengine kuna kimoja kilichoanguka nyuma."

Nikaenda. Maji yalikuwa yamezibeba ndoo, zinaelea zikigongana. Kabati lilikuwa limening'inia juu yake, kavu. Nilifungua mlango, ukafunguka bila kukwama. Rafu zote zilikuwa kavu. Nilipitisha mkono rafu ya juu yote, pembe hadi pembe, na tena, kana kwamba kwa kupapasa ningeweza kukifanya kitu kiwepo. Hapakuwa na kitu. Ningetamani hapo nilikute limeoza. Ningejua nani wa kulaumiwa, na ningejua namna ya kurekebisha.

Sista akaita niinue miguu ya kitanda upande wa chini. Nilihitaji mikono miwili na hapakuwa na mahali pakavu pa kumweka mtoto, basi nikalikunja shuka nikalitandika kwenye rafu ya juu, nikamlaza humo kwa marefu yake, nikaacha mlango wazi. Tukainua kitanda, mimi na Barisa, tukaweka matofali chini yake. Barisa akatoka kwenda kutafuta mtumbwi wenye injini. Hadhe aliuliza kama mtoto yuko mahali pakavu. Nikamwambia yuko. Hakuuliza lingine. Mtumbwi wa injini ulipofika, Sista alikuwa ameketi kando ya kitanda, maji yakimfika magotini, amemshika mkono, na hapakuwa tena na wa kusafirishwa.

Sikujua la kufanya, nikamaliza kuinua betri. Nyinyi mtaona ni ubaya, lakini mikono ya fundi haijui kulia.

Mamake Hadhe aliletwa jua likiwa bado juu. Mume wa Hadhe alikuwa hajapatikana. Mama yule alikwenda kwanza kwa mwanawe, akakaa naye, kisha akaja chumba cha ndoo akipasua maji polepole, akiwa amefunga kanga kifuani. Nilimtoa mtoto kwenye rafu nikamkabidhi. Akamnusa shingoni, akampapasa miguu.

"Hajalowa," akasema.

"Hajalowa, dada yangu."

Akalitazama kabati, milango yake na rangi yake, akagusa ukingo mmoja. "Limetengenezwa vizuri hili. Ni kazi ya nani?"

"Ni yangu."

"Mungu akubariki. Lilikuwa la kuwekea nini?"

Sista Rehema, aliyekuwa amesimama mlangoni, akageuka akatoka. Nikabaki mimi. Nikamwambia lilikuwa la kuwekea dawa. Mama yule akainua uso, akaitazama rafu ya chini, akaitazama ya katikati, akaitazama ya juu, mjukuu wake akiwa kifuani, na akasubiri niendelee.